Ustawi na maendeleo kwa mtazamo wa jamii

Ustawi na maendeleo kwa mtazamo wa jamii ni namna watu wa mahali fulani wanavyoelewa maisha mema, umaskini na maendeleo kwa kufuata lugha yao, mila zao na shughuli zao za kila siku. Mtazamo huo hutofautiana na vipimo vya kitaalamu, kama vile pato la taifa, mstari wa umaskini au orodha ya mali za kaya, ingawa mara nyingi vipimo hivyo vinawahusu watu walewale.

Makala hii inaeleza suala hilo kwa mfano wa Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hasa wilaya za Ngara na Biharamulo, ambamo kuna kata za vijijini kama Nyarubungo. Suala lenyewe si la nadharia tu. Jibu la swali "nani ni maskini?" ndilo linaloamua ni kaya ipi ipate ruzuku na ipi iachwe, na jibu la swali "maendeleo ni nini?" ndilo linaloamua fedha za kijiji zijenge nini kwanza.

Maneno na maana zake

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi yanayohusu hali njema, na kila moja linaangalia upande wake. Ustawi linatokana na kitenzi kustawi, ambacho hutumika sana kwa mimea: migomba iliyopata mbolea na mvua ya kutosha husemwa imestawi. Uzima una maana ya afya, lakini pia ya ukamilifu, kwa kuwa kitu kizima ni kile kisichopungukiwa. Maendeleo linatokana na kuendelea, yaani kwenda mbele bila kukatika.

Maneno ya upande wa pili nayo hayalingani. Maskini na fukara hutaja zaidi ukosefu wa mali. Hohehahe ni yule asiye na chochote. Mkiwa ni tofauti: ni mtu aliyebaki peke yake, aliyefiwa au asiye na ndugu wa kumtegemea. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake juu ya maskini wa Afrika kilichotolewa mwaka 1987, alionyesha kwamba katika jamii nyingi za bara hili ambako ardhi ilikuwa ya kutosha, maskini hasa alikuwa mtu aliyekosa nguvu za kufanya kazi na aliyekosa jamaa wa kumfanyia: mzee asiye na watoto, mjane, yatima, mlemavu. Ukosefu wa ardhi ulikuja kuwa chanzo kikubwa cha umaskini baadaye, idadi ya watu ilipoongezeka.

Hata salamu zinafuata njia hiyo. Anayeamkia huuliza habari za nyumbani, za watoto, za wazee na za kazi. Mtu anayejibu kwamba wote hawajambo amekwisha kueleza sehemu kubwa ya ustawi wake, hata kama hajataja fedha.

Mazingira ya Ngara na Biharamulo

Wilaya ya Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Wakazi wake wa asili ni hasa Wahangaza na Washubi, na lugha ya Kihangaza iko karibu na Kirundi na Kinyarwanda. Biharamulo iko upande wa mashariki wa Ngara. Wenyeji wake ni pamoja na Wasubi na Wazinza, na kwa miaka mingi imepokea wahamiaji, wakiwemo Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Nyarubungo ni mojawapo ya kata za Biharamulo.

Watu wengi wa eneo hilo huishi kwa kilimo na ufugaji. Hulima ndizi, maharage, mahindi, mihogo na kahawa, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Shughuli hizo zinategemeana. Ng'ombe hutoa samadi, samadi hurutubisha migomba, na migomba hulisha kaya kwa miaka mingi bila kupandwa upya kila msimu. Kwa hiyo ng'ombe mmoja hana thamani ya bei yake ya mnadani tu. Ni mbolea, ni maziwa ya watoto, ni akiba ya siku ya ugonjwa, na kwa familia nyingi ni mahari. Karatasi ya hesabu huandika "ng'ombe 1". Mwenye kaya anahesabu mambo manne au matano.

Mambo yanayohesabiwa katika maisha mema

Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliendesha Tanzania utafiti shirikishi juu ya umaskini, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 1997 na Deepa Narayan. Watu wapatao 6,000 katika vijiji 87 walishiriki. Badala ya kuulizwa maswali yaliyopangwa tayari peke yake, wanavijiji walieleza wenyewe ni kaya zipi zina nafuu na zipi ni maskini, na kwa sababu gani. Miaka michache baadaye njia kama hiyo ilitumika katika nchi nyingi duniani, na taarifa zake za mwaka 2000 zilikusanya majibu katika mafungu matano:

1. Mahitaji ya mwili na mali: chakula cha kutosha, nyumba, ardhi, kazi.
2. Afya na nguvu za mwili.
3. Mahusiano mema: amani ya nyumbani, majirani, kusaidiana, heshima.
4. Usalama: kutoishi kwa hofu ya njaa, wizi, vita au kunyang'anywa.
5. Uhuru wa kuchagua na kutenda.

Mafungu ya kwanza mawili yanajulikana vizuri katika takwimu. Ni lile la tatu na yale yanayofuata ambayo hupotea kwa urahisi, kwa sababu hayana kilo wala shilingi. Hata hivyo yana uzito katika maisha ya kijijini. Mtu ambaye hawezi kuchangia msiba wa jirani hujisikia amepungukiwa hata kama ameshiba, kwa kuwa kesho msiba ukiwa kwake hana uso wa kuwaita watu. Mzazi ambaye mtoto wake anakwenda shuleni bila sare huona aibu, na aibu hiyo ni sehemu ya umaskini wenyewe.

Watafiti Deepa Narayan na Lant Pritchett walitumia data hizo za vijiji vya Tanzania kuchunguza kama vikundi vina faida inayopimika. Makala yao ya mwaka 1999 ilionyesha kwamba vijiji ambavyo watu wake walikuwa wanachama wa vikundi vingi na vyenye uhai vilikuwa pia na kipato kikubwa zaidi. Hivyo yale ambayo wanavijiji waliyaita umoja hayakuwa maneno ya kupendeza tu.

Vyama vya kuzikana

Mfano ulio wazi wa ustawi unaojengwa na mahusiano ni vyama vya kufa na kuzikana. Wanachama hutoa mchango mdogo wa fedha, chakula, kuni au kazi, na mmoja akifiwa chama hubeba mzigo wa maziko. Vyama hivyo vilipata umuhimu mkubwa Kagera kutokana na UKIMWI, kwa kuwa wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata misiba ilikuwa mingi mno.

Mtafiti Joachim De Weerdt alichunguza kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, mwaka 2000, ambapo kaya zote 119 ziliulizwa zinamtegemea nani wakati wa shida. Jambo moja lililoonekana linafaa kukumbukwa: kaya maskini zilikuwa na watu wachache zaidi wa kuzisaidia kuliko kaya zenye uwezo. Methali husema "mkono mtupu haulambwi". Msaada wa jamii upo, lakini haugawanyiki sawa, na asiye na cha kutoa huweza kubaki nje ya mzunguko wa kupokea.

Vipimo vya kitaalamu

Serikali na mashirika hupima umaskini kwa namba zinazoweza kulinganishwa kutoka mkoa hadi mkoa na kutoka mwaka hadi mwaka. Kwa mujibu wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 Tanzania Bara, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini ya mstari huo. Waliokuwa chini ya mstari wa umaskini wa chakula walikuwa asilimia 8.0.

Namba hizo zina faida yake. Bila hizo haiwezekani kujua kama hali ya nchi inapanda au inashuka, wala kugawa bajeti kwa haki kati ya mikoa. Mwanakijiji anajua vizuri nani ni maskini kuliko mwenzake katika kitongoji chake, lakini hawezi kulinganisha kitongoji hicho na kingine kilicho mamia ya kilomita mbali. Udhaifu wa namba ni kwamba huhesabu kile kilichoulizwa tu.

Kimataifa pia vipimo vimepanuliwa. Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianza kutoa taarifa za maendeleo ya watu, chini ya uongozi wa Mahbub ul Haq, zikipima elimu na umri wa kuishi pamoja na kipato. Mwanauchumi Amartya Sen wa India alifafanua kwamba maendeleo ni kuongezeka kwa uwezo wa watu kuishi maisha wanayoyaona kuwa na thamani.

Kagera katika utafiti wa muda mrefu

Kagera ni mojawapo ya mikoa ya Afrika iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Utafiti wa afya na maendeleo wa Kagera ulianza mwaka 1991 hadi 1994 kwa kaya zaidi ya 900, lengo la kwanza likiwa kujua madhara ya vifo vya watu wazima. Watu walewale walitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010, hata waliokuwa wamehama. Kaya zilikuwa zimegawanyika, kwa kuwa watoto walioa, waliolewa au walikwenda mjini, hivyo mwaka 2004 zilihojiwa kaya zaidi ya 2,700.

Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walionyesha mwaka 2011 kwamba matumizi ya waliohama yaliongezeka kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ya waliobaki. Kwa kipimo cha fedha, njia ya maendeleo ilikuwa kuondoka.

Utafiti uliofuata, wa De Weerdt na Kalle Hirvonen, uliongeza upande mwingine. Kaya za nyumbani zilipopatwa na janga, waliohama walipunguza matumizi yao wenyewe ili kusaidia. Waliobaki nyumbani hawakubebeshwa mzigo kama huo mhamiaji alipopatwa na lake. Kwa macho ya familia, basi, kijana aliyekwenda Mwanza hakuondoka kabisa, bali amekuwa tawi la kaya ileile. Anayemhesabu kama kaya ya pekee anapata nusu ya habari.

Wakimbizi wa mwaka 1994

Historia ya karibuni ya Ngara inaonyesha jinsi tukio moja linavyoweza kuitwa faida na hasara kwa pamoja. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda, na kambi kubwa ikafunguliwa Benaco. Baadaye wakimbizi wilayani Ngara walikuwa wengi kuliko wenyeji. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996.

Masoko yalipanuka, mashirika yaliajiri watu, na wakulima wenye mazao ya kuuza walipata wanunuzi. Utafiti wa Jean-François Maystadt na Philip Verwimp ulionyesha hata hivyo kwamba faida hiyo haikuwa ya wote: wakulima wenye mashamba yao walikuwa katika hali bora, lakini vibarua wa mashambani waliumia kwa ushindani wa kazi na kupanda kwa bei. Utafiti wa Javier Baez ulionyesha kwamba watoto wa Kagera waliokuwa karibu na kambi walidumaa zaidi na walirudi nyuma katika masomo. Miti nayo ilikatwa kwa kuni na ujenzi, na safari za kutafuta kuni zikawa ndefu. Wastani wa mapato peke yake usingeonyesha mambo hayo.

Mawazo ya Nyerere na vijiji vya ujamaa

Nchini Tanzania mjadala juu ya maana ya maendeleo ni wa zamani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa wazo kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo, likataja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Katika maandishi yake ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Julius Nyerere alieleza kwamba barabara, majengo na mazao mengi ni vyombo tu vya maendeleo, na kwamba mtu haendelezwi na mwingine bali hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yanayomhusu.

Utekelezaji haukufuata daima wazo hilo. Mwaka 1973 iliagizwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Mahali pengi nguvu ilitumika, na watu waliacha mashamba na makaburi ya wazazi wao. Shule, zahanati na visima viliwafikia watu wengi zaidi kuliko awali, lakini wengi walipewa maendeleo ambayo hawakuulizwa wanayataka kwa namna gani.

Nani ni maskini? Mfano wa TASAF

Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulianzishwa mwaka 2000. Tangu mwaka 2012 umeendesha Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaotoa ruzuku kwa kaya zilizoandikishwa, sehemu yake ikitegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Uteuzi wa kaya unaunganisha mitazamo yote miwili. Kwanza, mkutano wa kijiji hujadili vigezo vya umaskini na kutaja kaya zinazostahili. Kisha kaya hizo hujaziwa dodoso, na majibu hupimwa kwa hesabu inayokisia uwezo wa kaya kutokana na ukubwa wake, nyumba yake na mali zake. Majina hurudishwa kijijini ili yathibitishwe.

Hatua hizo mbili zinaweza kutoa majibu tofauti. Kwa mfano, bibi mzee anayelea wajukuu anaweza kuwa anaishi katika nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe aliyefariki. Dodoso linaona bati. Majirani wanajua kwamba nyumba hiyo haina mtu wa kulima. Kinyume chake pia hutokea: mkutano unaweza kuwasahau watu wasio na msemaji, kama vile mgeni aliyehamia karibuni, mtu mwenye ugomvi na uongozi au mlemavu ambaye hafiki mkutanoni. Hapo dodoso, lisilojua urafiki wala uhasama, linaweza kumtetea mtu ambaye jirani zake wamemnyamazia.

Mipaka ya mtazamo wa jamii

Mila si sauti moja. Kinachoitwa maisha mema ya ukoo kinaweza kuwa mzigo kwa baadhi ya wanaukoo, hasa wanawake. Kesi maarufu ilitoka Kagera yenyewe. Holaria Pastory alirithi shamba la baba yake kwa wosia, kisha akaliuza. Mwanaukoo, Bernardo Ephrahim, alipinga mahakamani kwa kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke aliweza kutumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka wazi kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya ardhi haina nguvu.

Tofauti za namna hiyo zimo hata ndani ya nyumba moja. Mume anaweza kuhesabu ng'ombe na kahawa kama maendeleo ya kaya. Mke anaweza kutaja kwanza maji ya karibu, zahanati yenye dawa na uhakika wa kubaki shambani endapo mume atafariki. Ndiyo maana tafiti shirikishi nyingi huwakutanisha wanawake, wanaume, vijana na wazee katika makundi tofauti kabla ya kulinganisha majibu.

Umuhimu katika mipango ya maendeleo

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, nafasi ya juu katika mambo ya sera ya kijiji. Kuanzia miaka ya 2000 halmashauri nyingi zimetumia mfumo wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unavitaka vijiji vianze mipango yao kwa kutaja rasilimali vilizo nazo kabla ya kutaja mapungufu.

Mafanikio ya utaratibu huo hutegemea kama maoni yaliyotolewa yanabaki katika mpango unaofika wilayani, au yanaachwa kwa sababu hayalingani na fungu la fedha lililokwisha kupangwa. Kijiji kilichoomba njia ya kufika sokoni kikapewa jengo la ofisi kitaandikwa katika taarifa kuwa kimepata mradi. Wakazi wake watahesabu kwamba mahindi yao yangali yakioza msimu wa mvua. Kwa hiyo, mbali na kuuliza ni nini kimejengwa na kwa shilingi ngapi, tathmini ya mradi katika kata kama Nyarubungo inahitaji kuuliza ni nani alisema kinahitajika, na kama yule ambaye hakusema lolote mkutanoni amepata nafuu pia.